Shangazi, bei za nyumba Austin zitafika chini lini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi na mume wangu Pflugerville, kaskazini kidogo mwa Austin, Texas. Kwetu ni Morogoro. Mume wangu anaendesha lori la kusambaza vyakula, mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kulea wazee, na jioni nasomea uuguzi kamili. Mungu akijalia, namaliza Mei mwaka kesho. Tumepanga nyumba ya vyumba vitatu kwa dola 2,000 kwa mwezi, na tulipokuwa tunasaini upya mkataba mwenye nyumba hakupandisha hata senti. Benki tuna akiba ya dola 45,000, tumeichanga kwa miaka mingi ya zamu za usiku.

Tatizo letu ni hili. Mimi nataka tununue nyumba. Mume wangu naye anataka, lakini anasema tusubiri bei ifike chini kabisa. Kila usiku watoto wakishalala anafungua YouTube na kusikiliza wataalamu. Mmoja anasema chini itakuwa majira haya ya baridi. Mwingine anasema tusahau mpaka mwaka 2028. Dalali wetu, ambaye ni Mwafrika Mashariki mwenzetu, anasema chini tumeshafika na tukilala tutajuta. Nikimuuliza mume wangu yeye anamwamini yupi, ananijibu, "Subiri kwanza." Miezi inakwenda, na hili sasa linatutia ugomvi ndani.

Mtaa wa nyuma yetu kuna nyumba moja nimekuwa nikiifuatilia. Kibao cha kuuzwa kilisimikwa Februari kwa dola 425,000. Aprili ikawa 409,000, Juni 389,900. Mpaka leo kibao kipo na majani yameanza kuota pembeni yake. Halafu Jumapili moja tulipita kwenye mradi wa nyumba mpya. Binti wa ofisi ya mauzo akatukaribisha vizuri, akawapa watoto biskuti, akatutembeza kwenye nyumba ya dola 380,000. Mume wangu akaomba apunguziwe. Binti alikataa katakata, bei ni hiyo hiyo. Ila akasema tukikopa kwa mkopeshaji wao tutapata riba ya asilimia 4.99 wakati kwingine ni 6.5. Tulirudi kwenye gari bila kujua tumepewa kitu au tumenyimwa.

Kinachomtisha zaidi mume wangu ni kaka yake. Alinunua nyumba mji wa Kyle, kusini mwa Austin, Aprili 2022, kwa dola 465,000. Mwaka huu jirani yake mwenye nyumba ya ramani ile ile kabisa ameuza kwa 372,000. Shemeji siku hizi mkianza kuongelea nyumba anatoka nje. Kuna siku mume wangu anasema bora hizi hela tuzitume Kibaha tukajenge, tuachane na mambo ya Marekani.

Shangazi, naomba unisaidie. Bei zitafika chini lini? Kuna dalili za kuangalia, au watu wanabahatisha tu? Na kati yangu na mume wangu, nani yuko sahihi?

Mama Wawili, Pflugerville

*

Marahaba, mwanangu. Pole na masomo, na hongereni kwa akiba hiyo. Najua dola 45,000 zinatoka wapi kwa watu wa zamu.

Tarehe ya kufika chini hakuna aliye nayo. Nilikuwa Phoenix, Arizona, miaka yote ile nyumba za Marekani zilipokuwa zinaanguka. Kazi yangu ilikuwa kukaa na watu na barua zao za benki, kutazama kama nyumba inaokoleka au inakwenda mnadani. Kila mwaka alijitokeza mtu wa kuheshimika kusema tumefika. Bei za taifa zilifika kilele katikati ya mwaka 2006. Oktoba mwaka huo huo Alan Greenspan, aliyekuwa ameachia uongozi wa benki kuu miezi michache tu kabla, alisema huenda lile baya zaidi limeshapita. Machi 2007 mrithi wake, Ben Bernanke, aliwaambia wabunge kwamba athari za mikopo mibovu ya nyumba zinaelekea kudhibitiwa. Septemba 2008 benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ikaanguka na dunia nzima ikatikisika. Mwaka 2009 serikali ikawapa wanunuzi wa mara ya kwanza nafuu ya kodi ya hadi dola 8,000, bei zikainua kichwa, watu wakashangilia. Nafuu hiyo ilipokwisha mwaka 2010, bei zikalala tena. Chini yenyewe ilikuja mwanzoni mwa 2012, karibu miaka sita tangu kilele. Kwa wastani wa nchi nzima bei zilipungua kwa zaidi ya robo. Phoenix zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Hao niliowataja walikuwa na takwimu zote za nchi mezani kwao. Kwa hiyo anayewapa tarehe kwenye YouTube msikilizeni kama mnavyomsikiliza mtu yeyote anayetoa maoni yake, bila kuweka akiba yenu rehani kwenye maneno yake.

Yupo mmoja aliyepatia, na namna alivyopatia ndiyo ya kujifunza. Bill McBride, mchambuzi wa uchumi, aliandika Februari 2012 kwamba bei za nyumba zimefika chini, na ikawa kweli. Hakuwa ametabiri tarehe hiyo miaka minne kabla. Alichofanya ni kuhesabu nyumba zilizokuwa sokoni. Mwaka mzima wa 2011 idadi yake ilikuwa inapungua huku bei bado zinashuka, akaona kwamba muda si mrefu wauzaji hawatakuwa na haja ya kushusha tena. McBride pia alikuwa akieleza jambo ambalo wengi hulichanganya: soko la nyumba lina chini mbili. Ya kwanza ni ya shughuli, yaani ujenzi na mauzo. Ya pili ni ya bei, nayo huchelewa. Ujenzi wa nyumba Marekani ulifika chini mwaka 2009, mwaka ambao nyumba 554,000 tu zilianza kujengwa wakati mwaka 2005 zilizidi milioni mbili. Bei zikasubiri miaka mingine mitatu.

Kwa nini bei huchelewa? Kwa sababu mwenye nyumba hataki kukubali. Anakumbuka jirani aliuza kwa ngapi, naye anaomba hiyo hiyo. Anakaa miezi, anashusha kidogo, anakaa tena. Nyumba yako ya mtaa wa nyuma ni mfano wake: 425,000, 409,000, 389,900, kila hatua inachukua miezi miwili na bado hajampata mtu. Bei huanguka kwa kasi pale tu wauzaji wengi wanapolazimishwa, kama Phoenix, ambako benki zilikuwa zinanadi nyumba mtaa kwa mtaa na benki haina kumbukumbu ya bei ya jirani. Inataka kuondoa mzigo.

Kwenu Austin hali ni tofauti, na hili mume wako alizingatie anaposikiliza wale wanaosema itakuwa kama 2008. Riba ya mkopo wa miaka 30 ilishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021, ikiwa ya chini kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Watu wakahamia Texas kwa wingi, Tesla ikahamishia makao yake makuu hapo, na mwanzoni mwa 2022 nyumba zilizokuwa sokoni Austin zisingetosha hata mwezi mmoja wa mauzo. Mei 2022 bei ya kati ya eneo lote ilifika dola 550,000. Kisha benki kuu ikapandisha riba, mikopo ya nyumba ikafika asilimia 7.79 Oktoba 2023, na wakati huo huo maelfu ya nyumba na maghorofa ya kupangisha yaliyoanza kujengwa wakati wa neema yakawa yanakamilika. Miaka miwili baada ya kilele bei ya kati ilikuwa imepungua kwa zaidi ya dola 80,000. Lakini wenye nyumba wengi wana mikopo ya asilimia 3 waliyoichukua kabla, malipo yao wanayamudu, hawana anayewafukuza. Ndiyo maana huko hakuna poromoko, kuna kuteremka taratibu kunakochosha. Mteremko wa namna hiyo unaweza kwenda muda mrefu kuliko subira ya mtu. Japani bei za ardhi zilifika kilele mwaka 1991 na zikaendelea kushuka kwa karibu miaka 15. Sisemi Austin ni Japani, watu bado wanahamia huko. Nasema hakuna sheria inayodai soko ligeuke eti kwa sababu limeshashuka sana.

Sasa dalili. Zipo, na hazihitaji mtaalamu. Ya kwanza ninayoiamini ni hiyo ya McBride. Chukueni idadi ya nyumba zinazouzwa, igawanyeni kwa idadi inayouzwa kila mwezi. Kama zipo 10,000 na zinanunuliwa 2,500, huo ni mzigo wa miezi minne. Ukikaribia miezi sita muuzaji na mnunuzi wanalingana nguvu, ukizidi hapo mnunuzi ndiye anayepanga. Kituo cha utafiti wa nyumba na ardhi cha Chuo Kikuu cha Texas A&M hutoa takwimu hizi bure kwa kila mji wa Texas. Ila mlinganishe Juni na Juni ya mwaka uliopita, msilinganishe Juni na Januari. Kila masika bei huinuka kwa sababu familia zinataka kuhama shule zikifungwa, na kila majira ya baridi hulegea. Nusu ya hizo "chini" zilizotangazwa Phoenix zilikuwa masika tu. Mkiona idadi ya nyumba sokoni inapungua mwezi baada ya mwezi ukilinganisha na mwaka uliotangulia, na wajenzi wameacha kuomba vibali vipya, na kodi za kupanga zimeanza tena kupanda, hapo mnaweza kusema bei iko karibu kutulia. Ninyi mmeongezewa mkataba bila kupandishiwa kodi. Hiyo ni dalili kwamba bado.

Bei zenyewe zitawafikia mwisho. Kipimo maarufu cha bei za nyumba, Case-Shiller, ni wastani wa miezi mitatu, na hutangazwa takriban miezi miwili baadaye. Zaidi ya hayo, Texas haimlazimishi mtu kutangaza hadharani bei aliyouzia nyumba. Zile namba mnazoziona mtandaoni kando ya picha ya nyumba ni bei za kuomba au makisio. Bei halisi zimo kwenye mfumo wa madalali, na dalali wenu akiwa mkweli atawachapishia mauzo ya kweli ya mtaa huo kwa miezi sita iliyopita. Muombeni karatasi hiyo kabla ya kumuomba utabiri.

Hebu turudi kwa binti wa biskuti, maana hapo ndipo soko lenu lilipojificha. Mmetaka bei ishuke, amekataa. Amewapa riba. Fanyeni hesabu. Nyumba ya 380,000, kianzio asilimia 10, mnakopa 342,000. Kwa asilimia 6.5 malipo ya mkopo ni karibu dola 2,160 kwa mwezi. Kwa 4.99 ni karibu 1,830. Tofauti ni zaidi ya dola 320 kila mwezi. Ili upate malipo hayo hayo ya 1,830 kwa riba ya 6.5, ungepaswa kukopa 290,000 tu. Maana yake, kwa mfuko wenu wa kila mwezi, amewapunguzia kama dola 52,000 bila kugusa kibao. Hagusi kibao kwa sababu ana nyumba nyingine za kuuza mtaa huo huo, na waliokwisha kununua wangekuja juu.

Kwa hiyo mmepewa kitu, na ni kikubwa. Lakini kina masharti ambayo hakuwaambia. Faida hiyo inapatikana mkikaa na mkopo huo miaka mingi. Mkiuza baada ya miaka mitatu, mtakuwa mmenunua kwa 380,000 nyumba ambayo mnunuzi wa kawaida, asiye na riba ya mjenzi, atailipia pungufu. Tena kodi ya majengo inakadiriwa kwa thamani ya nyumba, na riba nzuri haiipunguzi. Muulizeni pia kama hiyo 4.99 ni ya miaka 30 yote au ni ya miaka miwili ya mwanzo tu, maana zipo za aina zote mbili na tangazo huandikwa kwa herufi zile zile kubwa.

Na hapo kwenye kodi ya majengo, nikae kidogo, kwa sababu nimeona wengi wakiumia. Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo, hivyo inachukua kwenye nyumba, na maeneo mengi mapya yanakaribia asilimia 2 ya thamani kwa mwaka kabla ya punguzo la mtu anayeishi kwenye nyumba yake. Kodi hukadiriwa kwa hali ya Januari 1. Kama Januari 1 nyumba yenu ilikuwa kiwanja kitupu, bili ya mwaka wa kwanza itakuwa ya kiwanja. Mtalipa kidogo, mtafurahi, mtanunua makochi. Mwaka wa pili inakuja bili ya nyumba nzima, na mkopeshaji anayewakusanyia kodi hiyo anapandisha malipo yenu ya mwezi kwa mamia ya dola, pamoja na kufidia upungufu wa nyuma. Akiwapa makadirio ya malipo ya mwezi, ulizeni: hii kodi ni ya kiwanja au ya nyumba iliyokamilika?

Tujumlishe. Kwa ile riba nzuri, mkopo 1,830, kodi ya majengo kama 630, bima ya nyumba tuseme 250 kwa sababu mvua za mawe za Texas zimepandisha bima, ada ya chama cha mtaa 50, bima ya mkopo ya wasiofikisha kianzio cha asilimia 20 kama 150. Jumla ni karibu 2,900. Ninyi mnalipa pango 2,000. Tofauti ya mwaka ni kama 10,900. Katika hizo, karibu 5,000 zinapunguza deni, hizo ni zenu. Zinazobaki, kama 6,000, ndizo gharama ya kumiliki kuliko kupanga, na sijahesabu paa wala kiyoyozi kikiharibika Agosti. Hivyo bei ya nyumba ingebidi ipande zaidi ya asilimia 1.5 kwa mwaka ndipo kusubiri kuanze kuwagharimu. Kwa sasa, mume wako anaposema "subiri", hampotezi kitu. Dalali anayesema mtajuta hajawapigia hesabu hii.

Lakini sababu ya kusubiri iwe hii ya hesabu, isiwe kuvizia ile siku ya chini. Chini ya soko la nyumba ni uwanda mpana, unaweza kuutembea mwaka mzima na zaidi bila kujua upo juu yake. Phoenix nilikuwa na mteja mmoja, fundi wa kuezeka paa, aliyenunua nyumba mwaka 2009 akiwa na ile nafuu ya dola 8,000. Alinunua mapema, bei zikaendelea kushuka miaka miwili mbele yake. Wenzake walimcheka. Ila malipo yake ya mwezi yalikuwa chini ya kodi ya pango aliyokuwa akilipa, hakuwa na mpango wa kuhama, watoto walikuwa shule ya jirani. Kushuka kule hakukumtoa senti mfukoni. Wengine walisubiri mpaka magazeti yaandike kwamba soko limegeuka. Mwaka 2012 bei za Phoenix zilipanda zaidi ya asilimia 20, kampuni kubwa za uwekezaji kama Blackstone zikawa zinanunua nyumba kwa fedha taslimu, na familia zenye mkopo zikawa zinapeleka maombi na kukataliwa nyumba baada ya nyumba. Yule fundi hakuipatia chini. Alipatia malipo anayoyaweza, mahali anapokaa.

Sasa kwenu. Kuna mambo mawili kwenye barua yako umeyapita haraka, na kwangu ndiyo yanayoamua. La kwanza, unamaliza uuguzi Mei. Muuguzi mpya huenda anakopata nafasi, na nafasi hiyo yaweza kuwa Austin, yaweza kuwa San Antonio au Dallas. Kuuza nyumba hugharimu asilimia 6 hadi 8 ya bei ukijumlisha dalali na makaratasi. Kwa nyumba ya 380,000 hiyo ni dola 23,000 na zaidi, nusu ya akiba yenu, hata kama bei haijashuka. Usinunue nyumba kabla ya kujua utakuwa unaripoti kazini wapi. La pili, kianzio cha asilimia 10 ni 38,000. Mnabaki na 7,000, na gharama za kukamilisha ununuzi zinaweza kuzimeza zote. Mtaingia kwenye nyumba mpya mkiwa hamna hata ya kununua tairi za gari, na kazi ya mume wako ni ya barabarani.

Kwa hiyo uamuzi wangu, mwanangu: msinunue mwaka huu. Mkataba wa pango ukiisha uongezeni tena, na kwa hali ya soko la kupanga huko msiishie kwenye kodi isiyopanda. Muombeni mwenye nyumba ashushe, mkiwa na matangazo matatu ya nyumba za aina hiyo za bei nafuu mkononi. Mumeo yuko sahihi kuhusu kusubiri. Wewe uko sahihi kwamba subira isiyo na mwisho si mpango. Kaeni wawili mwandike kwenye karatasi namba tatu: malipo ya mwezi, pamoja na kodi na bima, ambayo hamtayazidi, akiba ambayo lazima ibaki benki baada ya kununua, nami ningesema isipungue gharama za miezi minne, na miaka ambayo mko tayari kukaa, isipungue sita. Siku nyumba ikiingia kwenye namba hizo tatu, nunueni, hata kama yule wa YouTube anasema bado. Isipoingia, acheni, hata kama dalali anawaita ndugu zake. Na mumeo apumzike na hizo video. Ripoti ya mwezi mara moja inamtosha.

Shemeji msimsukume aongee. Aliyenunua Aprili 2022 yaelekea riba yake iko karibu na asilimia 5, ambayo kwa leo ni nzuri. Kama malipo anayamudu na haendi popote, hasara yake haijamfika mfukoni, na anaweza kuiacha ipite. Muulizeni jambo moja tu, tena kwa upole: kama kazi iko salama. Iwapo anasuasua, ampigie mkopeshaji kabla ya kukosa malipo ya kwanza, na atafute mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na wizara ya nyumba ya Marekani. Ushauri wa kuokoa nyumba hutolewa bure. Wengi waliokuja kwangu Phoenix walikuja na barua ya mnada mkononi, wakati miezi sita kabla tungeweza kufanya jambo.

Kibaha ni mazungumzo mengine. Kule mtu hujenga kwa fedha yake, tofali kwa tofali, hana benki inayomgongea mlango. Soko likizorota bei ya mdomoni haishuki, nyumba inakaa tu na mwenyewe anakuambia "bei ni hiyo hiyo" mwaka wa tatu. Kuzorota kwa kule unakuona kwa muda wa kuuza, huoni kwenye bei. Mkitaka kujenga kwa sababu mnarudi au wazazi wanahitaji pa kukaa, jengeni. Mkiwa mnakimbia hofu ya Austin, hiyo nyumba haitawapunguzia hata dola moja ya pango la Pflugerville.

Ukishapata leseni na ukajua hospitali gani, ombeni makadirio ya mkopo kwa wakopeshaji angalau watatu, yule wa mjenzi akiwa mmoja wao. Ni karatasi ya kurasa tatu, na kisheria mkopeshaji anatakiwa awape ndani ya siku tatu za kazi baada ya kupokea maombi yenu. Ziwekeni pembeni kwa pembeni, futeni majina na namba zenu za siri, mnitumie. Nitazipitia nanyi mstari kwa mstari kabla hamjasaini.

Shangazi